Mzee akibadilika ghafla, usingoje homa

Ndugu msomaji, huenda wewe ni miongoni mwa wale wanaofanya kazi mjini ilhali wazazi wamebaki mashambani. Jioni moja unapigiwa simu. Unaambiwa kwamba Mama hajala tangu jana, analala tu, na asubuhi alimwita mjukuu kwa jina la marehemu mumewe. Unauliza, "Ana homa?" Unajibiwa, "La, hana joto." Basi unaagiza atazamwe mpaka Jumamosi utakapofika.

Hapa Nchiru nimewapokea wazee wengi walioletwa Jumamosi hiyo. Baadhi yao walikuwa wamechelewa mno.

Sepsisi ni nini?

Viini vya maradhi vinapoingia mwilini, mwili hujikinga. Lakini mara nyingine ulinzi huo hukosa mpango na kuanza kuudhuru mwili wenyewe. Shinikizo la damu hushuka, na figo, mapafu, moyo na ubongo hushindwa kufanya kazi. Hali hiyo ndiyo sepsisi. Wengi huiita sumu ya damu, ingawa si sumu ambayo mtu amelishwa na jirani.

Si ugonjwa wa watu wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 ulikadiria kwamba mwaka wa 2017 watu milioni 48.9 duniani walipatwa na sepsisi na milioni 11 wakafa. Hicho ni karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano.

Kwa wazee, chanzo mara nyingi ni nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, au kidonda: cha mguu kwa mwenye kisukari, au cha mgongoni kwa asiyeweza kuondoka kitandani.

Dalili kwa mzee

Kijana akiambukizwa, mwili huchemka. Mwili wa mzee umechoka, na huenda usitoe joto lolote. Wengine hupoa hata chini ya digrii 36. Kwa hivyo kutokuwa na homa si ushahidi kwamba yu salama. Tazama haya:

- Amechanganyikiwa ghafla, anaongea yasiyoeleweka, au haamki vizuri.
- Anapumua haraka. Mhesabu akiwa ametulia. Pumzi 22 au zaidi kwa dakika ni ishara ya hatari.
- Anakojoa kidogo sana au hakojoi kabisa.
- Mikono na miguu ni baridi, au midomo na ulimi umebadilika rangi.
- Ameanguka, au hawezi kusimama ilhali juzi alikuwa akitembea.

Usiseme, "Ni uzee tu." Uzee huja polepole. Mabadiliko ya siku moja au mbili ni ugonjwa.

Ufanye nini?

Mzee apelekwe hospitali usiku huo huo, wala si duka la dawa. Asipewe vidonge vilivyobaki nyumbani, wala dawa ya malaria kabla ya kupimwa damu. Anahitaji dawa za kuua bakteria kupitia mshipani, maji ya dripu na pengine oksijeni. Shinikizo la damu likiwa limeshaporomoka, dawa hizo zinatakiwa kuanza katika muda wa saa moja. Mwambie daktari waziwazi: "Hakuwa hivi juzi. Je, inaweza kuwa sepsisi?" Beba pia dawa zote anazotumia.

Usafiri upangwe mapema. Mchana matatu za barabara ya Meru kwenda Maua hupatikana, lakini usiku ni shida. Patana leo na jirani mwenye gari. Hakikisha pia kwamba mzazi amesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024.

Kinga

Jeraha la jembe au panga lioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha lifunikwe. Mwenye kisukari akaguliwe nyayo kila siku, kwa kuwa huenda asihisi maumivu. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili. Aliyewekewa mpira wa mkojo, mfuko wake ukae chini ya kiuno daima, na anayeushika anawe mikono kwanza. Muulize daktari kuhusu chanjo za nimonia na mafua. Na dawa za kuua bakteria zitumiwe jinsi daktari alivyoagiza; zikitumiwa ovyo, bakteria huzizoea na siku ya haja hazifui dafu.

Basi msomaji, simu ikija tena, usiulize homa pekee. Uliza: "Anatutambua? Anapumuaje? Amekojoa leo?" Jibu moja likikutia shaka, usingoje Jumamosi.