Fahamu: Kwa nini maziwa ya mama "hayatoki"?

Siku ya pili baada ya kujifungua, chuchu imechanika, mtoto analia, na tayari mgeni ameshasema maziwa hayatoshi. Mara nyingi yapo. Ni dang'a, mazito ya manjano, matone machache yanayomtosha kichanga. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 5. Maumivu makali mara nyingi maana yake mtoto ameshika chuchu tupu. Aachame, aingize na sehemu nyeusi inayoizunguka. Mwombe mkunga akuelekeze pale pale kitandani.

Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Lakini wapo wasioweza, wakalazimika kutumia ya kopo. Hao waelezwe vipimo na usafi wa maji, wasisimangwe.