Kupokelewa si Kuchapwa: Usanifu wa Kiolesura cha Programu cha Kuwasilisha Hati kwa Printa katika Mazingira ya Tabora

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna kiolesura cha programu kinachowasilisha hati kwa printa kinavyopaswa kusanifiwa mahali ambapo umeme hukatika, karatasi huisha na mawasiliano kati ya vifaa hayaaminiki. Hoja kuu ni kwamba amri ya kawaida ya kuchapa huchanganya matukio mawili yaliyo tofauti: hati kupokelewa na kituo cha kati, na hati kutoka katika karatasi. Hoja hiyo inajengwa kwa kisa cha mfuko wa barua uliokwama Unyanyembe mwaka 1871, kwa uchambuzi wa itifaki na maktaba za uchapaji zilizopo, na kwa mfano wa stakabadhi za vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku. Makala yanahitimisha kwamba chanzo cha hati hakipaswi kuiachilia hati kabla ya uthibitisho wa mwisho, na kwamba hali ya kutojua kilichotokea lazima ipewe jina ndani ya kiolesura.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Tabora ni miongoni mwa maeneo makuu ya kilimo cha tumbaku nchini Tanzania. Mkulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui huuza zao lake kupitia chama cha ushirika cha msingi, kinachojulikana zaidi kwa jina la AMCOS. Siku ya soko tumbaku hupangwa daraja na kupimwa, kisha uzito, daraja na bei huandikwa. Pale ambapo malipo hufuata baadaye, karatasi anayoondoka nayo mkulima ndiyo ushahidi pekee ulio mkononi mwake. Ikikosekana, hana cha kuonesha penye mgogoro. Zikitoka mbili zenye nambari tofauti kwa mzigo mmoja, chama kinadaiwa kilo ambazo hazipo ghalani.

Stakabadhi zinapoandikwa kwa mkono katika kitabu chenye karatasi ya kaboni, tatizo hili huwa dogo: karani huona kwa macho yake kama wino umeshika, na kishina hubaki kitabuni. Programu ya mizani inapochukua nafasi ya kitabu, kazi yote hiyo hufichwa nyuma ya amri moja tu: chapa. Mtayarishaji wa programu huita amri hiyo, hupata jibu kwamba mambo ni salama, kisha huendelea na mkulima anayefuata. Swali linalochunguzwa hapa ni hili: jibu hilo lina maana gani hasa, na nani analiwajibikia?

Katika makala haya, kiolesura cha programu ni mapatano kati ya programu yenye hati, yaani chanzo, na mfumo wa uchapaji unaoipokea. Mapatano hayo hutaja amri zinazoruhusiwa, majibu yanayoweza kurudi, na wajibu wa kila upande.

2.0 Mfuko wa Barua wa Unyanyembe

Tatizo la kukabidhi hati kwa mpokezi wa kati si geni Tabora. Kabla ya reli ya kati kufika mjini hapo mwaka 1912, mizigo na barua kutoka pwani zilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kupitia njia ya Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo ilipo Tabora ya leo. Kutoka hapo njia iligawanyika kuelekea Ujiji upande wa magharibi, na Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Kwa mizigo mingi, Unyanyembe hapakuwa mwisho wa safari. Mizigo ilishushwa na kuhifadhiwa katika matembe mpaka wapagazi wa kipande kilichobaki wapatikane na njia iwe salama.

Mwishoni mwa mwaka 1870, msafara ulipewa mizigo na barua za David Livingstone zipelekwe Ujiji. Mfuko wa barua ulitiwa alama ya tarehe 1 Novemba 1870. Henry Morton Stanley aliukuta Unyanyembe mwaka 1871, wakati vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilipokuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Stanley aliuchukua, akazunguka kwa njia ya kusini, na mfuko ukamfikia mwenyewe takriban mwaka mmoja baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Livingstone naye, aliporejea Ujiji mwaka huohuo, alikuta bidhaa alizotumiwa awali zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzifikisha.

Kisa hiki kinaonesha kasoro mbili tofauti. Barua zilipokelewa katika kituo cha kati lakini hazikufika. Bidhaa zilifika katika kituo cha mwisho lakini hazikuingia mkononi mwa mwenyewe. Kwa mtumaji aliyekuwa Unguja, hali zote mbili zilionekana sawa: kimya. Hakuwa na njia ya kutofautisha mzigo uliokwama, mzigo uliopotea, na mzigo uliofika ambao majibu yake yalikuwa bado njiani.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka. Barua ya msafara ilikuwa moja, na kuituma upya kulihitaji kuiandika upya. Hati ya kompyuta hutumwa upya kwa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo hatari ya msafara ilikuwa upotevu, ilhali mfumo wa uchapaji una hatari mbili kwa pamoja: upotevu na marudio. Dawa ya hatari moja mara nyingi huzidisha nyingine.

3.0 Kusukuma na Kuvuta

Chanzo kinaweza kuwasilisha hati kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kusukuma: programu humimina mkondo wa baiti kuelekea printa. Printa nyingi za mtandao hupokea data ghafi kupitia mlango namba 9100 kwa namna hii. Njia hii ni rahisi kuitumia, lakini haiipi kazi nambari, na mkondo ukishasomwa hausomeki tena. Mawasiliano yakikatika katikati, hakuna upande unaoweza kuuliza habari za kazi ileile.

Njia ya pili ni kuvuta: chanzo hukabidhi kitu kinachoweza kuulizwa, na mfumo wa uchapaji huomba data unapoihitaji. Maktaba ya uchapaji iliyoingizwa katika Java toleo la 1.4, mwaka 2002, huiona hati kwa namna hiyo. Aidha, katika uchapaji wa kurasa wa lugha hiyo, mfumo humwita mtayarishaji kwa nambari ya ukurasa, naye hujibu ama kwa kuuchora ukurasa huo ama kwa kusema kwamba haupo.

Hapo pana kanuni ambayo wanaoanza huikosa: mfumo una ruhusa ya kuomba ukurasa uleule zaidi ya mara moja. Ikiwa sehemu ya programu inayochora stakabadhi ndiyo pia inayoongeza nambari ya stakabadhi, maombi mawili ya ukurasa mmoja yatazaa nambari mbili kwa mzigo mmoja wa tumbaku. Kosa halimo katika printa wala katika maktaba. Limo katika kudhani kwamba kuchora ni tendo la mara moja. Kwa sababu hiyo, nambari, uzito, daraja na saa havina budi kugandishwa na kuhifadhiwa kabla hati haijawasilishwa, ili kila ombi lipate jibu lilelile.

4.0 Maana ya Neno “Imekamilika”

Itifaki zilizopo zinatofautiana kuhusu zinachoahidi. Itifaki ya LPD, iliyoelezwa katika waraka wa RFC 1179 wa mwaka 1990, humrudishia mtumaji baiti ya sifuri kila faili linapopokelewa vyema. Jibu hilo linahusu upokezi tu. Foleni imelichukua faili, lakini karatasi haijaguswa.

Itifaki ya IPP, ambayo waraka wake wa RFC 8011 ulitolewa mwaka 2017, imepiga hatua kubwa zaidi. Kila kazi hupewa nambari na huwa katika mojawapo ya hali saba: inasubiri, imezuiwa, inashughulikiwa, imesimama, imefutwa, imekatizwa, au imekamilika. Kimsingi, kazi iliyokamilika ni ile ambayo karatasi zake zote zimetoka. Lakini waraka huohuo unatambua kwamba kazi inaweza kupelekwa katika kifaa kisichoweza kurudisha taarifa. Katika hali hiyo kazi huandikwa kuwa imekamilika, na huongezewa sababu inayoeleza kwamba imo katika foleni ya kifaa. Programu inayosoma hali bila kusoma sababu itamwambia karani kwamba stakabadhi imetoka, ilhali hakuna anayejua.

Java nayo hutenganisha taarifa ya kumalizika kwa uhamishaji wa data na taarifa ya kumalizika kwa kazi. Ipo pia taarifa ya tatu, inayosema kwamba hakuna taarifa nyingine itakayokuja; hii inaweza kutolewa hata pale mfumo unaposhindwa kuthibitisha kwamba kazi imefaulu. Maelezo ya maktaba hiyo yanaruhusu chanzo kuachilia rasilimali za data mara uhamishaji unapomalizika. Kwa ofisi yenye umeme wa uhakika ruhusa hiyo haina madhara makubwa. Kwa ghala la kijijini ndiyo inayofungua mlango wa hasara: umeme ukikatika sekunde moja baadaye, chanzo kimekwisha kuitupa hati na printa imeisahau.

5.0 Usanifu Unaopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huo, kiolesura kinachofaa mazingira yaliyoelezwa kinahitaji amri nne. Andikisha huipa hati nambari ya kudumu na kuihifadhi katika diski kabla ya jambo lingine lolote. Kabidhi huiwasilisha kwa printa, na ikiitwa mara mbili kwa nambari ileile haizai kazi ya pili. Uliza hurudisha hali pamoja na sababu yake. Thibitisha hufunga kazi, na ni baada yake tu ndipo chanzo kinaruhusiwa kuiachilia hati.

Hali nazo ni tano: imeandikishwa, imekabidhiwa, imechapwa, imeshindikana na haijulikani. Hali ya mwisho ndiyo kiini cha usanifu. Umeme ukirejea, kila kazi iliyokuwa imekabidhiwa bila kuthibitishwa huhamishiwa katika hali ya kutojulikana, wala haitumwi upya yenyewe. Programu humuuliza karani: je, karatasi yenye nambari hii ipo, na imetimia hadi mstari wa mwisho? Akikubali, kazi hufungwa. Akikana, hati huchapwa upya kwa nambari ileile, ikiwa na neno “NAKALA”, na kipande cha kwanza hubatilishwa.

Vihisi vya printa ndogo za risiti vinaweza kusema kwamba karatasi imeisha au kifuniko kiko wazi, na taarifa hizo zinapaswa kutumika. Havisemi kwamba mkulima ameshika karatasi inayosomeka. Jambo hilo bado linahitaji macho ya mtu, kama lilivyohitaji wakati wa kitabu cha kaboni.

Usanifu huu una gharama. Siku ya soko foleni ni ndefu, na kila swali humchelewesha karani. Kwa hiyo chanzo kinapaswa kutangaza aina ya hati wakati wa kuiandikisha. Tangazo la mkutano likitoka mara mbili, hasara ni karatasi moja. Mfumo unaweza kulituma upya bila kumuuliza mtu. Stakabadhi, hati ya malipo au cheti havistahili uhuru huo.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba ugumu wa kuwasilisha hati kwa printa haumo katika kuhamisha baiti, bali katika kujua, kila wakati, ni nani anayeiwajibikia hati. Itifaki za sasa zina nyenzo za kulijibu swali hilo, ila majibu yake hufifishwa na violesura vinavyorudisha ndiyo au hapana tu. Kiolesura kinachokiri kutojua humgharimu karani dakika chache. Kinachodai kujua kisichokijua humhamishia gharama hiyo mkulima, ambaye hakushiriki kukisanifu na hana njia ya kukikosoa.