BAISKELI YA KWANZA YA KIJANA: TUTAZAME BREKI KABLA YA RANGI

Zipo nchi ambako mzazi mwenye kipato cha wastani, akitaka kumzoesha mwanawe wa miaka 14 kubeba wajibu, humtafutia farasi wake wa kwanza. Mzazi huyo huuliza umri wa mnyama, humtazama meno na kwato, humwita daktari wa mifugo, kisha huhesabu gharama ya majani na dawa kabla ya kutoa fedha mfukoni. Katika eneo letu la Afrika farasi hakupata makazi. Mbung'o na maradhi vilimzuia, na majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, yalishuhudia farasi kwa maelfu wakiangamia njiani. Kwa hiyo kipando cha kwanza cha kijana wa Rwanda hakina meno wala kwato. Kina magurudumu mawili na mnyororo. Ni baiskeli.

Hata hivyo, swali la mzazi ni lile lile: kwa fedha chache alizo nazo, anunue kipando gani kitakachomfaa mtoto na kumrudisha nyumbani salama? Swali hili linatuhusu sisi askari wa jeshi na polisi kwa namna ya pekee. Mishahara yetu ina mipaka, kazi hutuweka mbali na nyumbani kwa miezi, na mara nyingi zawadi hununuliwa kwa haraka katika siku chache za likizo. Haraka hiyo ndiyo adui wa kwanza.

BARABARA YA GAHANGA

Tuchukue mfano wa Gahanga, katika wilaya ya Kicukiro, kusini mwa jiji la Kigali. Wengi wanaijua sekta hiyo kwa sababu ya uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017. Lakini mwenye baiskeli anaijua kwa barabara yake. Barabara kuu hutoka Kicukiro, hupita Nyanza, hushuka Gahanga hadi bonde la Nyabarongo, kisha huvuka mto na kuingia Bugesera kuelekea Nyamata na mpaka wa Burundi huko Nemba. Ng'ambo ya mto nchi imetulia, na baiskeli hubeba maji, ndizi, magunia na abiria. Upande wa Gahanga ni mteremko mrefu wakati wa kwenda na mlima mrefu wakati wa kurudi.

Milima hiyo imeonwa na dunia nzima. Tarehe 21 Septemba 2025, siku ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya mbio za baiskeli barabarani, ambayo yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, waendeshaji wa mbio za kushindana na saa walipanda mlima wa Nyanza ya Kicukiro, jirani na Gahanga. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda upande wa wanaume, na Marlen Reusser wa Uswisi upande wa wanawake. Wala sisi si wageni katika mchezo huo. Adrien Niyonshuti alishindana katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Valens Ndayisenga alishinda Tour du Rwanda mwaka 2014 na tena mwaka 2016. Jeanne d'Arc Girubuntu alishiriki Mashindano ya Dunia ya Richmond, Marekani, mwaka 2015, na kwa hiyo asiwepo mzazi atakayesema kwamba shauri hili ni la wavulana peke yao.

Si ajabu basi kwamba kijana akirudi kutoka shuleni huomba baiskeli, na akili yake imejaa picha za mashine zenye thamani ya mamilioni ya faranga. Mzazi hana mamilioni. Ana akiba yake ndogo, pengine katika Zigama CSS ambako wengi wetu huweka chochote. Akiba hiyo inaweza kutosha, maadamu itatumika kwa mpango.

FREMU NI KAMA BUTI

Kila askari anajua taabu ya buti lisilo la kipimo chake. Hata likiwa jipya na limeng'arishwa, litamchubua kabla ya kilomita ya kumi. Fremu ya baiskeli ni vivyo hivyo. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kumnunulia mtoto baiskeli kubwa kwa hoja kwamba "atakua nayo", kama anavyonunuliwa koti la shule. Koti kubwa halimwangushi mtu barabarani. Baiskeli kubwa humwangusha, kwa kuwa anaposimama ghafula miguu yake haifiki chini.

Kipimo ni rahisi, na hakihitaji chombo chochote. Kijana asimame juu ya ardhi akiwa ameipitisha miguu pande mbili za bomba la juu la fremu. Ibaki nafasi ya vidole viwili au zaidi kati ya bomba na mwili wake. Kisha aketi kitini na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Mwisho ashike usukani: viwiko vikunjike kidogo, na vidole vifikie breki pasipo kunyooshwa kwa nguvu. Akishindwa jaribio moja kati ya hayo matatu, baiskeli hiyo si yake, hata ikiwa bei ni nzuri kiasi gani.

Na kukua je? Nafasi ya kukua hutafutwa kwenye nguzo ya kiti, ambayo huweza kupandishwa sentimita kadhaa kadiri kijana anavyorefuka, mradi isipite alama ya kikomo iliyochongwa juu yake.

GIA NA MLIMA

Baiskeli ndefu nyeusi ya chuma, isiyo na gia, ambayo wazee wetu waliitumia na ambayo hadi leo hubeba mizigo Bugesera, ni chombo cha heshima. Ni imara, na kila fundi anaifahamu. Lakini tufanye hesabu. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma 18, mzunguko mmoja wa pedali husogeza baiskeli yapata mita 5 na nusu. Kwenye tambarare jambo hilo ni jema. Kwenye mlima wa kutoka Nyabarongo kijana wa miaka 14 atashuka na kusukuma. Baiskeli yenye gia, ikiwa ina meno 28 mbele na 28 nyuma katika gia nyepesi, husogea yapata mita 2 kwa mzunguko, na mtoto huyo huyo hupanda akiwa ameketi.

Ushauri basi hufuata ardhi. Anayeishi Nyamata anaweza kuridhika na baiskeli isiyo na gia. Anayeishi Gahanga atafute iliyotumika, yenye gia chache zinazofanya kazi, na asivutwe na idadi. Gia sita zinazotii ni bora kuliko 21 zinazoruka.

BREKI NDIYO ROHO

Hapa ndipo uhai wa mtoto ulipo. Mwendo ukizidi mara mbili, kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, nguvu inayopaswa kuzimwa na breki huongezeka mara nne, na umbali wa kusimama huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Kwenye mteremko wa Gahanga mwendo wa kilomita 40 kwa saa hupatikana bila kupiga pedali. Mbele kuna lori, au basi linalosimama kushusha abiria, au mbuzi aliyekatika kamba.

Jaribu breki za baiskeli kabla ya kuulizana bei. Kamata breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke. Kamata breki ya nyuma na kusukuma tena: gurudumu ligome na kuburuzwa. Mkono wa breki usiguse usukani. Waya usiwe umechanika nyuzi hata moja. Raba ziwe na unene, na ziguse ringi tu, si tairi. Tazama pia ringi yenyewe. Ringi ya chuma cha kung'aa hukamatwa vibaya sana na raba ikilowa, na sisi tuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Ringi ya aluminiamu ni salama zaidi, lakini ikiwa imelika ubavuni hadi kuwa na bonde, imekwisha.

UKAGUZI KABLA YA FEDHA

Asiuziwe mtu mbuzi kwenye gunia. Baiskeli iliyotumika ikaguliwe mchana, ikiwa kavu na imefutwa vumbi, kwa utaratibu ule ule tunaokagulia silaha: kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka.

Kwanza fremu. Pitisha kidole mahali mabomba yanapoungana, hasa chini ya usukani na karibu na pedali. Ufa, mkunjo, au rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu ni sababu ya kuondoka. Pili, magurudumu. Yazungushe na kutazama kama yanayumba. Kisha piga spoki kwa ukucha, kwani iliyolegea hutoa sauti nzito. Tatu, gololi. Tikisa mikono ya pedali kulia na kushoto, kisha kamata breki ya mbele na kusukuma usukani mbele na nyuma. Mgongano unaosikika ni gharama inayokuja. Nne, mnyororo. Pima kutoka pini ya kwanza hadi ya 25: mnyororo mpya huwa milimita 305 hivi. Ukizidi kwa milimita 3 umechakaa, nao utakuwa umekwisha kuyala meno. Tano, matairi. Nyufa za jua ubavuni maana yake ni kununua mengine.

Kasoro ndogo zisikukimbize. Waya, raba, mnyororo na matairi hubadilishwa, na kila kimoja ni hoja ya kupunguziwa bei. Fremu iliyovunjika haina hoja.

Jambo la sita ni la sheria, nalo lina uzito wa pekee kwa msomaji wa ukurasa huu. Baiskeli nyingi huwa na namba iliyochongwa kwenye fremu, aghalabu chini, karibu na mhimili wa pedali. Ikiwa namba hiyo imekwanguliwa, usinunue. Bei ya ajabu huwa na sababu yake. Dai hati ya mauzo yenye jina la muuzaji, tarehe, namba ya fremu na saini ya shahidi. Aibu iliyoje mtoto wa afande akikutwa juu ya baiskeli ya wizi! Siku hiyo mtoto atakuwa hana hatia, lakini sare ya mzazi itakuwa imechafuka mbele ya raia.

MGAWO WA FUNGU

Gharama ya kipando haishii kwa muuzaji. Mwenye farasi hulisha kila siku. Mwenye baiskeli hulisha kidogo kidogo. Gawa fedha zako mafungu kumi. Saba yanunue baiskeli. Moja na nusu yanunue kofia ngumu iliyo mpya, kwa sababu iliyokwisha kuanguka huweza kuwa na ufa ndani usioonekana. Moja na nusu yaliyobaki yawe ya pampu, viraka, mafuta ya mnyororo, raba za akiba, na taa mbili, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Anayetumia mafungu yote kumi kwa rangi inayong'aa atampa mwanawe baiskeli itakayosimama ukutani mwezi wa pili.

AMRI ZA KUDUMU

Baiskeli si mchezo mdogo mbele ya historia ya majeshi. Wajapani waliitumia kushuka rasi ya Malaya kuanzia Desemba 1941 hadi Singapore ilipoanguka Februari 1942. Wavietnamu waliitumia kusukuma mizigo ya zaidi ya kilo 200 kuelekea Dien Bien Phu mwaka 1954. Uswisi iliweka kikosi cha baiskeli tangu 1891 hadi 2003. Kilichowafikisha majeshi hayo ni utunzaji na nidhamu, wala si uzuri wa mashine.

Kwa hiyo kabidhi baiskeli pamoja na amri zake. Kila Jumamosi kijana aioshe, atie mafuta, apime upepo na kujaribu breki mbele ya mkubwa wa nyumba. Azibe pancha kwa mikono yake mwenyewe. Avae kofia kila safari. Asishike nyuma ya lori ili kuvutwa mlimani. Awe nyumbani kabla ya saa 12 jioni, kwani kwetu giza huingia haraka. Na kwa miezi mitatu ya kwanza asishuke hadi Nyabarongo bila mtu mzima. Ajifunze kwanza njia za ndani zilizo tambarare.

Ndugu msomaji, baiskeli ya kwanza ni silaha ya kwanza ya kazi anayokabidhiwa raia kijana. Akiitunza, atajua kutunza kitu cha umma atakapokabidhiwa. Mzazi asiyeweza kumpa mwanawe baiskeli ya bingwa asione haya. Ampe inayomtosha, yenye gia ya kupandia na breki ya kushukia. Kupanda taratibu ni jambo la miguu, nayo huzidi kupata nguvu kila mwaka. Kushuka bila breki hakuna mwaka wa pili.