Filta ya oili ya Porsche 911: Bei ya dukani haitoshi kuamua

Na Mwandishi Wetu

MMILIKI wa gari la michezo la daraja la juu anayekwepa dola chache kwenye filta ya oili anahatarisha injini ambayo matengenezo yake yanaweza kuzidi bei ya gari dogo la kutembelea. Hata hivyo, halazimiki kununua boksi la bei ya juu kuliko yote, kwani sokoni zipo filta za bei ya kati kutoka kwa watengenezaji wakubwa ambazo zinafanya kazi hiyo bila wasiwasi.

Tofauti kati ya uamuzi mzuri na mbaya inatokana na mambo manne: namba ya kipuri, uwezo wa kuchuja, valvu na uhalisi wa bidhaa yenyewe. Ukurasa huu umechukua Porsche 911 kama mfano, kwa kuwa ni gari linalojulikana, limekuwa sokoni tangu miaka ya 1960, na matoleo yake yaliyotumika huingia Afrika Mashariki kutoka nchi zinazoendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, hususan Japani na Uingereza.

Kwanza, fahamu injini yako

Jina 911 peke yake halimsaidii muuza vipuri. Matoleo yaliyopozwa kwa hewa, ambayo ya mwisho yalitengenezwa mwaka 1998, yanatumia filta ya kopo la bati inayofungwa kwa kuzungushwa. Toleo la 996, lililozinduliwa mwaka 1997, lilileta injini iliyopozwa kwa maji na filta ya aina nyingine: karatasi tupu iliyokunjwa, inayowekwa ndani ya kasha la plastiki ambalo linabaki kwenye gari.

Filta ya injini ya 996 ya kawaida na 997 za awali inatambulika kwa namba ya Porsche inayoanza na 996 107 225, ikifuatiwa na tarakimu mbili za toleo la kipuri. Gari la 997 la modeli ya 2009 na kuendelea lina injini mpya kabisa, na filta yake ni nyingine. Mnunuzi anayekwenda dukani na maneno "nipe filta ya 911" anamwachia muuzaji kazi ya kubahatisha, na gharama ya bahati mbaya itakuwa ya mnunuzi.

Mazoea ya kulinganisha kwa macho ni hatari zaidi kwa filta za kopo. Kopo mbili zinaweza kuwa na kipenyo kimoja na uzi mmoja, zikafungwa vizuri bila kuvuja, lakini ndani yake valvu zikawa zimepangwa kufunguka kwa shinikizo tofauti.

Nani anatengeneza

Katika biashara ya kimataifa filta za oili na petroli za injini zina kifungu chao cha forodha, 8421.23, na watengenezaji wakubwa hawazidi wachache. Mahle ya Stuttgart ilianza mwaka 1920. Mann+Hummel ya Ludwigsburg, jirani na Stuttgart, ilianzishwa mwaka 1941, na mwaka 2016 ilikamilisha ununuzi wa biashara ya filta za Wix na Filtron. Makampuni yote mawili yanauza filta za 911 kwa majina yao wenyewe, kwa bei ambayo kwa kawaida ni chini ya ile ya boksi lenye nembo ya Porsche.

Hapo ndipo palipo na nafuu halali kwa mnunuzi. Boksi la Porsche linabeba gharama ya nembo, mtandao wa mawakala na dhamana yao. Anayenunua bidhaa ya Mahle au Mann kwa namba sahihi, kutoka kwa muuzaji anayetoa risiti, anapunguza gharama hizo bila kushuka daraja la karatasi.

Jina kubwa nalo si kinga ya milele. Septemba 2025 kundi la First Brands la Marekani, lililokuwa likimiliki jina maarufu la Fram, liliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Tukio la namna hiyo halibadilishi filta iliyo tayari kwenye rafu, lakini linamkumbusha muagizaji kuuliza jina lililo kwenye boksi linamilikiwa na nani, na bidhaa inatoka kiwanda gani.

Uwezo wa kuchuja

Uchafu unaosaga beringi na ringi hauonekani kwa macho. Unapimwa kwa mikroni, ambapo mikroni 1,000 ni milimita moja, na unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Chembe za chini ya mikroni 20 zinaingia katika nafasi ndogo sana iliyo kati ya beringi na shafti, mahali ambapo oili peke yake ndiyo inayozuia chuma kusagana na chuma.

Mtengenezaji makini hutaja uwezo wa filta yake kwa kipimo cha kimataifa ISO 4548-12, na matokeo yake huandikwa kwa namba iitwayo beta. Hesabu yake ni nyepesi: toa 1 kwenye beta, kisha gawanya kwa beta ileile. Beta 2 kwa mikroni 20 ina maana filta inakamata nusu tu ya chembe za ukubwa huo. Beta 75 inakamata asilimia 98.7. Beta 100 inakamata asilimia 99. Boksi linaloandika "inachuja mikroni 20" bila kutaja asilimia wala beta halijamweleza mnunuzi chochote, maana hata wavu wa chai unakamata baadhi ya chembe.

Suala hili lina ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 na AC Spark Plug, tawi la General Motors, ulionyesha kuwa injini iliyochujiwa oili kwa mikroni 30 ilichakaa nusu ya ile iliyochujiwa kwa mikroni 40. Ilipochujiwa kwa mikroni 15, uchakavu ulipungua kwa asilimia 70.

Wenye magari ya michezo hushawishiwa pia kununua filta za "mbio", hasa zile za wavu wa chuma zinazooshwa na kurudishwa. Kinachosifiwa ni kwamba oili inapita kwa wingi. Ni kweli, lakini mara nyingi inapita kwa wingi kwa sababu matundu ni makubwa. Timu ya mashindano inayofungua injini yake baada ya mbio chache inaweza kukubali biashara hiyo. Gari la barabarani linalotarajiwa kudumu miaka 15 haliwezi.

Valvu na mipira

Oili ikiwa nzito asubuhi, au karatasi ikiwa imeziba, valvu ya dharura hufunguka ili injini ipate oili isiyochujwa kuliko kukosa kabisa. Ikifunguka mapema mno, injini inakunywa uchafu kila inapowashwa. Ikichelewa mno, karatasi inaweza kupasuka. Kwenye injini za 996 valvu hiyo imo katika kasha la plastiki, kwa hiyo fundi anapobadilisha karatasi hana budi kukagua kasha lenyewe pia.

Kwenye filta za kopo kuna mpira unaozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Mpira wa silikoni unavumilia joto kuliko mpira wa kawaida, ambao hukakamaa na kuanza kuvujisha. Kwenye filta za karatasi, boksi halali huja na mpira mpya wa duara wa kuziba. Fundi akirudishia wa zamani amebana senti na kuacha shilingi zimwagike. Kasha la 996 linakazwa kwa kipimo cha Nm 25, kazi inayohitaji spana ya kipimo badala ya nguvu za mkono.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa bei za kukisia ili msomaji aone uwiano. Injini ya 996 inachukua zaidi ya lita 8 za oili. Tuseme mwenye gari ananunua lita 9 kwa dola 15 kila moja, jumla dola 135. Ufundi dola 35. Filta yenye nembo dola 30. Gharama yote ni dola 200, na filta ni asilimia 15 ya hizo.

Akichukua filta ya mtengenezaji mkubwa kwa dola 18, anaokoa dola 12. Akichukua isiyojulikana kwa dola 8, anaokoa dola 22. Kwa kumwaga oili mara mbili kwa mwaka, nafuu yake ya juu kabisa ni dola 44.

Sasa tuweke gharama ya kuunda upya injini iliyonoki kuwa dola 20,000. Ukigawanya dola 22 kwa dola 20,000 unapata asilimia 0.11. Maana yake ni kwamba filta hiyo ya bei rahisi ikiongeza uwezekano wa injini kufa kwa zaidi ya mara moja katika magari 900 hivi, nafuu yote imekwisha. Kwa lugha nyingine, mwenye gari atahitaji zaidi ya miaka 450 ya kuokoa dola 44 ili afidie injini moja. Rahisi ni ghali, na hapa hesabu yake inaonekana.

Bidhaa bandia

Hatari kubwa zaidi kwa mnunuzi wa kanda hii ni boksi zuri lenye karatasi mbaya. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu mwaka 2008, na Tanzania inatumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Sheria humsaidia mnunuzi mwenye risiti. Asiye na risiti hana pa kuanzia.

Kabla ya kulipa, fungua boksi. Hesabu mikunjo ya karatasi na uone kama imenyooka na kuachana sawasawa. Angalia kama gundi imeshika pande zote, kama mpira wa kuziba umo, na kama namba ya kwenye boksi ni ileile iliyo kwenye filta. Muuzaji anayekataa usifungue ameshakujibu.

Filta iliyotumika ni ushahidi

Jambo moja ambalo wengi hulipuuza ni thamani ya filta inapotolewa. Injini za kawaida za 996 zina udhaifu unaojulikana wa beringi ya shafti ya kati. Mwaka 2013 shauri la pamoja la wamiliki nchini Marekani, lililohusu baadhi ya magari ya Boxster na 911 ya modeli za 2001 hadi 2005, lilimalizwa kwa mapatano. Beringi hiyo inapoanza kuharibika, vipande vyake vinaweza kunaswa kwenye filta kabla injini haijafa.

Kwa sababu hiyo karatasi ya zamani isitupwe gereji kabla haijakatwa, kukunjuliwa na kuangaliwa kwenye mwanga. Punje za kung'aa zinazovutwa na sumaku zinaashiria chuma. Punje za kahawia za plastiki huweza kutoka kwenye pedi za minyororo. Zikionekana kwa wingi, gari lisiwashwe tena mpaka litazamwe na fundi anayezijua injini hizo.

Anayetaka kununua 911 iliyotumika adai ukaguzi huu kabla ya kutoa malipo ya awali. Ni kazi ya saa moja, na gharama yake ni oili na filta mpya ambavyo gari lingehitaji hata hivyo.

Kwa wafanyabiashara wa vipuri nafasi ipo wazi. Magari haya ni machache na wateja wake wanajuana. Duka litakaloweka filta za namba sahihi pamoja na mipira yake, likatoa risiti na kumruhusu mteja afungue boksi, litauza kwa bei ya kati na kumwona mteja huyohuyo tena baada ya miezi sita.