Sanaa ya kompyuta Mara: Tafuta mteja kabla ya mashine

Wenye mitaji midogo wilayani Tarime na Serengeti wanaofikiria kuingia katika kazi ya kuchora na kusanifu picha kwa kompyuta wasianze kwa kuulizia bei ya mashine. Swali la kwanza ni nani atanunua picha, na mara ngapi kwa mwezi. Mashine isiyo na kazi ni mtaji uliolala, na thamani yake hushuka kila mwaka.

Wengi hutazama Hifadhi ya Serengeti. Ni kweli kwamba kati ya Julai na Oktoba nyumbu hufika Mto Mara, kaskazini mwa hifadhi, na watalii huwafuata. Hata hivyo, watalii wengi huingia wakitokea Arusha na hununua vitu vya kumbukumbu huko huko. Mchoraji wa Mugumu anayetegemea wageni peke yao atakuwa na msimu mfupi na gharama kubwa ya kufikisha bidhaa sokoni.

Wateja wa kila wiki wako karibu zaidi: mabango ya maduka, fulana za timu, kadi za harusi, nembo za vikundi vya kuweka na kukopa, lebo za asali na unga. Sirari kuna nafasi ya ziada, kwani Isebania ya Kenya iko ng'ambo tu ya mpaka. Bei ikitajwa kwa shilingi ya Kenya, waandikiane siku hiyo hiyo ni sawa na shilingi ngapi za Tanzania, maana kiwango kinaweza kubadilika kabla kazi haijakabidhiwa.

Vifaa vya kuanzia

Kompyuta ya mkononi iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na betri nzima ya kuvumilia umeme ukikatika, inatosha. Programu za Krita kwa kuchora, GIMP kwa kurekebisha picha na Inkscape kwa nembo hupatikana bure na kihalali. Hakuna sababu ya kununua nakala za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi.

Nembo na herufi huchorwa vizuri kwa kipanya. Uso wa mtu au mnyama huhitaji kalamu na ubao wa kuchorea unaounganishwa na kompyuta. Ubao huo ununuliwe kwa faida ya kazi za nembo. Asiyejua kuchora aanze na penseli na karatasi, kwa sababu kompyuta haimfundishi mkono.

Aidha, kuna jambo linaloharibu kazi nyingi za wanaoanza. Picha ya nukta ikikuzwa hufifia. Ukurasa wa A4 wa kuchapwa vizuri huhitaji nukta 2,480 kwa 3,508. Picha ya upana wa nukta 600 iliyochukuliwa kwenye simu haitafaa. Nembo ichorwe kwa mistari, kama Inkscape inavyofanya, ili itumike kwenye kadi na kwenye bango bila kuharibika. Kwa fulana zinazochapwa kwa fremu, kila rangi huhitaji fremu yake. Mchoro wa rangi mbili humpunguzia mteja gharama.

Hesabu

Tuchukue mfano. Mashine ya Sh 900,000 itakayodumu miaka mitatu inagharimu Sh 25,000 kwa mwezi. Umeme, intaneti na nauli tuseme ni Sh 35,000. Jumla ni Sh 60,000. Ukipata kazi 12, kila moja inabeba Sh 5,000 kabla hujajilipa jasho lako. Ukipata nne, kila moja inabeba Sh 15,000. Anayekubali Sh 10,000 kwa kazi wakati ana kazi nne tu anakula mtaji wake.

Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam kupaka rangi inayong'aa kwenye vipande vya ubao. Kila picha iliuzwa mara moja, na ya pili ilibidi ipakwe upya. Faili la kompyuta huweza kuuzwa mara kumi bila kuchorwa tena, ila mwingine naye huweza kulinakili kwa dakika moja. Kwa hiyo mteja aonyeshwe nakala ndogo yenye jina lako juu yake, alipe nusu kabla, na faili kamili atolewe baada ya malipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji, lakini ushahidi ni jukumu lake: atunze faili za awali zenye tarehe katika sehemu mbili.

Wapo wanaovutwa na habari za mwaka 2021, faili la Mmarekani Beeple lilipouzwa katika mnada wa Christie's kwa zaidi ya dola milioni 69. Mwaka uliofuata soko la aina hiyo liliporomoka. Kadhalika, tangu mwaka 2022 zimeenea programu zinazotengeneza picha kwa kuandikiwa maneno, na mchoro wa kawaida umekuwa rahisi kupatikana.

Mchoraji wa Tarime atauza kile ambacho programu hizo hazikijui: duka la mteja wake, jina lililoandikwa bila kosa, na kazi iliyo tayari siku ya gulio.