Komredi Babu na dumu la alizeti

Haya, sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako. Leo nawasimulia habari za mtu aitwaye Babu. Msicheke, ndilo jina lake: Abdulrahman Mohamed Babu, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 1924.

Babu alikuwa mkomunisti. Mkomunisti ni nani? Piteni pale barabarani kuelekea Ikungi, mtaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa, ya manjano yanang'aa juani. Mkulima kalima, mashine imekamua, mafuta huku, mashudu kule. Sasa, mashine ni ya nani? Faida anaiweka nani mfukoni? Wafuasi wa Karl Marx husema shamba kubwa na kiwanda viwe mali ya wanaovitolea jasho. Wengine hawakubali hata kidogo, na ubishi huo umemwaga damu nyingi duniani. Babu aliuamini ukomunisti.

Hakuzaliwa nao. Ujanani alikuwa karani katika biashara ya karafuu, na mwaka 1951 akaenda Uingereza kusoma. Huko akakutana na vitabu na vijana wa makoloni mengine waliotaka uhuru. Aliporudi mwaka 1957 akawa katibu mkuu wa chama cha siasa kilichoitwa Hizbu. Akafika hata China. Waingereza, waliokuwa wakiitawala Zanzibar, hawakumpenda, wakamfunga kwa uchochezi. Alipotoka akagombana na chama chake mwenyewe, akaondoka mwaka 1963 na kuanzisha Umma Party. Vijana wake wakaitwa Makomredi.

Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea, tarehe 12 Januari 1964, Babu alikuwa Dar es Salaam! Akavuka bahari pamoja na Mzee Abeid Karume, aliyekuja kuwa Rais wa Zanzibar, naye Babu akawa waziri. Ulipokuja Muungano wa Tanganyika na Zanzibar akawa waziri huku bara pia. Desemba ya mwaka huo huo alisimama Harlem, New York, mbele ya umati, na aliyemkaribisha jukwaani ni Malcolm X, mpigania haki za watu weusi wa Marekani. Na reli ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia, je? Babu alikuwa miongoni mwa waliofungua milango ya Beijing hata Wachina wakakubali kutujengea.

Sasa kaeni sawa, maana hapa pana machungu. Februari 1972 akaondolewa uwaziri. Tarehe 7 Aprili mwaka huo Mzee Karume akauawa kwa risasi, na Babu akakamatwa akidaiwa kuwamo katika njama. Yeye alikana. Zanzibar ilimhukumu kifo ilhali mwenyewe hayumo mahakamani. Rais wetu, Mwalimu Nyerere, alikataa kumpeleka huko, lakini hakumwachia pia: miaka 6 kizuizini huku bara, bila kesi. Mimi Mwalimu nampenda sana, ila jambo hili siwezi kulipaka rangi.

Miaka hiyo hiyo watu wa Singida, kama wengine nchi nzima, walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, siasa ya Mwalimu ya kuishi na kulima pamoja. Waulizeni wazee wa Iramba namna walivyoacha miti na makaburi yao. Na Babu, huko gerezani, alikuwa anaandika kwamba ujamaa wa namna ile hautatufikisha. Mkomunisti anaupinga ujamaa? Ndiyo. Alisema tunalima pamba, mkonge na kahawa ili kuwauzia wengine, kisha tunanunua kwao nguo na mashine kwa bei wanayoitaka wao. Tuanze na mahitaji yetu, tujenge viwanda vyetu, ndipo tuuze nje. Kitabu chake kilitoka mwaka 1981, yeye akiwa huru tangu 1978.

Basi rudini kwenye dumu. Singida inalima alizeti na kuikamua papa hapa, lakini nchi yetu bado inaagiza mafuta mengi ya kula kutoka ng'ambo. Nadhani hapo Babu angegonga meza.

Baada ya kufunguliwa alifundisha Marekani, kisha akahamia London, akiandika magazetini. Vyama vingi viliporudi, chama cha NCCR-Mageuzi kikamtaka awe mgombea mwenza wa Augustine Mrema, mgombea wake wa urais, mwaka 1995, naye ana miaka 71! Haikuwezekana. Alifariki London tarehe 5 Agosti 1996, akazikwa Zanzibar, kule kule alikohukumiwa kifo.

Haya, nani ana swali? Wewe uliyekuwa unafinya, anza wewe.