Amplifaya ya Kujiundia (3): Usikate Ethi kwa Sababu ya Mvumo

Juma lililopita tulimaliza saketi ya sauti. Leo tunaingia upande wa umeme wa ukutani, upande ambao hausamehe. Nianze na jambo ninalolikuta mara nyingi nikifungua amplifaya zilizoundwa nyumbani: waya wa kijani na njano umekatwa, ncha yake imeviringishwa utepe. Mwulize mwenyewe, atakwambia alipouunganisha spika zilivuma, na alipoukata zikatulia.

Zilitulia kweli. Lakini waya wa moto ukichubuka pale unapoingilia, au transfoma ikiungua ndani, kasha zima la bati litashika volti 230, pamoja na kila kinachoguswa na waya wa sauti: maikrofoni ya chuma mkononi mwa mwimbaji, nyuzi za gitaa. Mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani waweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Ethi hailindi mtu peke yake. Inashirikiana na fyuzi. Umeme ukivuja kwenye bati, ethi huupa njia nyepesi, mkondo unapanda ghafla, fyuzi inakatika. Sasa tazama nyumba inayotegemea fimbo ya shaba iliyochimbiwa uani, yenye ukinzani wa omu 20 kwenye udongo mkavu. Gawanya 230 kwa 20, upate ampea 11.5. Fyuzi ya ampea 13 iliyokuja na plagi ya pini tatu itaubeba mkondo huo bila kukatika, na bati litabaki na umeme. Ya ampea 3 itakatika upesi. Transfoma ya VA 300 huvuta ampea 1.3 hivi ikiwa kazini kikamilifu, kwa hiyo 3 yatosha. Ndani ya kasha ongeza fyuzi nyingine ya aina inayochelewa kukatika, kwa kuwa transfoma ya duara huvuta mkondo mkubwa mara inapowashwa. Na kwenye bodi ya nyumba, swichi ya kinga ya miliampea 30 ni ya lazima.

Waya wa ethi ufungwe kwa boliti yake yenyewe, isiyoshika transfoma wala kitu kingine. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, weka washa ya meno, kaza nati mbili. Uache mrefu kuliko waya wa moto na wa nyutro, ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka.

Tuje kwenye mvumo. Amplifaya ina ethi, mashine ya kupigia muziki nayo ina ethi, na waya wa sauti unaziunganisha: duara limekamilika, mkondo wa hezi 50 unazunguka ndani yake. Dawa ni kuliwekea duara hilo kizuizi, huku bati likibaki limeungwa moja kwa moja na ethi. Kusanya nyaya zote za ardhi ya saketi mahali pamoja, kisha toka hapo kwenda kwenye bati kupitia rezista ya omu 10. Sambamba nayo weka kapasita ya nanofaradi 100 na daraja la dayodi la ampea 35. Unganisha mguu wake wa chanya na wa hasi pamoja, utumie ile miwili mingine. Mkondo mdogo wa mvumo utakwama kwenye rezista. Hitilafu kubwa ikitokea, dayodi zitafunguka baada ya volti moja na kitu, na mkondo upite wote kwenda ethi. Soketi za kuingizia sauti zisiguse bati, la sivyo kazi yote hiyo ni bure.

Unapowasha mara ya kwanza, pitishia umeme kwenye balbu ya wati 100 ya aina ya zamani, iliyofungwa kwa mfululizo. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa plagi, ngoja kapasita zimalize chaji, ndipo utafute kosa.

Juma lijalo tutazungumzia joto na mabati ya kupoozea. Wewe uliyekwisha kukata ethi, usiingoje sehemu hiyo: chomoa plagi sasa hivi, uirudishe.